Umeipataje Namba Hii?

Magunia matatu ya mama mmoja yalipimwa asubuhi, kabla ukungu haujaachia mlima. Kijiji kiko juu huko upande wa Mamba, ambako tangawizi hulimwa mpaka kwenye kingo za migomba, na wakati wa mavuno harufu yake hukaa kwenye nguo hata ukishashuka Same. Bwana mizani alisoma kwa sauti ili waliopanga foleni wasikie: sitini na mbili, hamsini na nane, hamsini na tano. Mimi nikaingiza namba kwenye simu, nikabonyeza, na muda si mrefu kitochi cha mama kikalia ndani ya kitenge. Akakitoa, akakisogeza mbali na macho, akasoma taratibu. Kisha akafungua daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akalamba kidole, akapekua mpaka ukurasa alioutaka.

"Mwanangu," akaniambia, "hii mia moja sitini na tisa umeipataje?"

Nikamjibu kwamba mfumo ndio uliohesabu.

"Sikuuliza mfumo. Nimekuuliza wewe."

Hesabu ya pale kila mtu anaijua. Magunia matatu yana kilo 175. Kikundi kimekubaliana kutoa kilo moja kwa kila gunia, kwa ajili ya uzito wa gunia lenyewe na udongo ulioganda kwenye tangawizi. Ukitoa tatu unabaki na 172. Mama alikuwa ameandika 172 kwa kalamu ya bluu, tena ameipigia mstari. Simu yake ilisema 169, na chini yake malipo ya shilingi 248,430. Nilimwomba anipe muda nikaangalie. Akakubali, ila hakuondoka. Alikaa juu ya gunia lake na daftari mapajani, na kila mara nilipoinua macho nilikuta ananitazama kwa upole, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi aliyekwama ubaoni.

Nilikuwa nimekwama kweli. Kompyuta nilikuwa nayo, msimbo ulikuwa wazi mbele yangu, na bado sikuweza kumwambia namba ile ilitoka wapi.

Kazi yangu ni kuandika programu. Nina chumba kidogo Same mjini, si mbali na stendi, mahali ambapo upepo wa mchana huingiza vumbi jekundu hadi ndani ya kibodi. Natengeneza tovuti za nyumba za wageni na mifumo midogo ya vikundi vya akiba na mikopo, na simu zikikataa kuwaka wananiletea mimi. Kikundi cha tangawizi kiliponifuata, kilitaka kitu rahisi: mzigo ukipimwa, mwenye mzigo apate ujumbe hapohapo, na katibu aone jumla bila kukesha na kikokotoo. Pesa waliyokuwa nayo isingemtoa fundi yeyote Dar es Salaam. Miaka michache nyuma ningewaambia haiwezekani. Safari hii nilikubali, kwa sababu nilikuwa na akili unde ya kunisaidia.

Lazima niseme ukweli kuhusu msaada huo, maana ni mkubwa. GitHub ilionyesha Copilot mwaka 2021, ikimalizia mistari ambayo mwandishi ameianza. Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na ghafla mtu aliweza kueleza anachotaka kwa maneno ya kawaida akapewa programu nzima. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliupa jina mtindo mpya wa kazi: unafuata hisia zako, unaiambia mashine unachotaka, unakubali inachokuletea, na unasahau kabisa kwamba kuna msimbo nyuma yake. Yeye aliuzungumzia kwa miradi midogo ya mwisho wa wiki. Jina likatoka, likasambaa, na sehemu ile ya mwisho wa wiki ikaachwa njiani.

Mimi nami nilifanya hivyo. Mfumo wa kikundi ulikamilika kwa wiki tatu badala ya miezi mitatu. Ulikuwa na mistari zaidi ya 3,000, na niliyoiandika kwa mkono wangu haikufika 200. Mingine niliisoma juu juu, nikaona imepangwa vizuri, majina yanaeleweka, nikaendelea. Usiku ule niliposhuka mjini nilikesha hadi karibu na alfajiri nikiisoma kama inavyotakiwa, mstari kwa mstari, na kosa nikaliona. Wiki ya kwanza nilikuwa nimeiambia mashine itoe kilo moja ya gunia kabla ya kuhifadhi uzito. Ikafanya. Siku kumi baadaye, nikiwa na jambo jingine kichwani, nikaiambia kwamba malipo yahesabiwe kwa uzito usio na gunia. Ikafanya tena, katika faili jingine, bila kujua kwamba ile kilo ilishaondoka. Kila kipande peke yake kilikuwa sahihi. Vikikutana, vilimla mkulima kilo moja kwa kila gunia.

Kilichoniumiza zaidi ni majaribio. Katika ufundi huu, programu huandikiwa majaribio ya kuihakikisha: unaipa magunia haya, unatarajia jibu hili, ikikosea inakuonyesha nyekundu. Nilikuwa nayo, na yote yalikuwa ya kijani. Ila majaribio nayo niliiachia mashine iyaandike, na iliyaandika kwa kuuangalia msimbo uliokwishakosea. Gunia la kilo 60, yakasema, lazima litoe 58. Na kweli lilitoa 58. Kijani.

Mizani ya kijijini haipimwi hivyo. Wakala wa Vipimo wakija, huja na mawe yao ya uzito unaojulikana, wakayapakia, wakatazama mshale unasimama wapi, ndipo wanapobandika stika. Hawaiulizi mizani kama iko sawa. Programu yangu niliiuliza yenyewe, ikanijibu iko sawa, na kwa jibu hilo watu 41 walikuwa wamekwishalipwa pungufu kabla mama hajafungua daftari lake. Fedha zilikuwa kwenye akaunti ya kikundi, zimejikusanya kama akiba isiyo na mwenyewe, na mwenyekiti alikuwa ameanza kudhani msimu umekuwa mzuri. Tulizirudisha zote, mmoja baada ya mwingine. Nilikwenda mwenyewe kwa kila niliyeweza kumfikia, na kila nyumba nilipewa chai na swali lilelile.

Sisi huku ni Wapare, na huko nje watu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Husema wakicheka, na sisi wenyewe tumezoea kucheka nao. Siku hizi sicheki. Upungufu wa mama ulikuwa shilingi 4,410, na kuna watakaoona si kitu cha kumsimamisha mtu asubuhi nzima. Lakini hakuwa akidai shilingi. Alikuwa akidai njia iliyoniongoza mpaka kwenye namba ile, na anayenyamaza mbele ya namba asiyoijua njia yake hataweza kusema siku pungufu itakapokuwa shamba zima.

Wazee wetu walilijua hilo. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza, pamoja na machifu wa Upareni, ilileta kodi mpya juu ya ile ya kichwa iliyokuwepo. Wakaiita mbiru, jina la ushuru wa kale ambao watu waliutoa kwa watawala wao, ili ionekane ni kitu cha nyumbani. Haikuwa cha nyumbani. Kodi ya kichwa, hata kama iliuma, ilikuwa namba moja ambayo kila mtu aliijua. Mbiru ilipanda na kushuka kulingana na mali ya mtu, na mali hiyo ilikadiriwa na watu wengine. Unakaa kwako, anakuja mkadiriaji, anatazama ulicho nacho, na baadaye unaambiwa kiasi chako. Jirani yako ameambiwa kingine. Ukiuliza kwa nini, hakuna njia ya hesabu unayoonyeshwa.

Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walitelemka kutoka milimani, kaskazini na kusini, wakaja Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Hawakuja na silaha. Walikaa majuma kwa majuma, wakisema wako tayari kulipa kodi inayoeleweka ila hawatalipa mbiru. Mashamba yalikuwa yakisubiri huko juu, nao hawakuondoka. Wake zao nao wakaingia katika shauri hili baadaye, huko Usangi, wakawakabili wakubwa wa serikali na kuwaambia ama warudishiwe waume zao, ama wakubwa wenyewe wachukue nafasi ya waume hao nyumbani. Profesa Isaria Kimambo aliiandika historia hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, nacho alikiita kwa jina hilohilo la Mbiru. Serikali hatimaye iliiacha kodi ile.

Chumba changu kiko katika mji ule ule. Kila ninapopita kuelekea kwenye ofisi za wilaya nawawaza wanaume wale wamelala nje kwenye baridi ya alfajiri ya Same, ambayo wageni hawaitarajii kwa jinsi mchana ulivyo mkali. Walichokikataa, kwa lugha ya kazi yangu, ni kanuni iliyofichwa. Kuna kilichoingia upande mmoja, na upande wa pili ikatoka namba ya kulipa, na katikati hapakuwa na mtu wa kujibu. Leo kanuni kama hizo zimejaa kwenye simu zetu. Mtu anaomba mkopo kwa kubonyeza nyota na tarakimu, anaambiwa kiwango chake ni shilingi kadhaa, wa jirani yake ni mara tano, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini. Hatukupiga kambi. Tumeambiwa ni mfumo, tukaridhika.

Na kuna nchi ambayo iliridhika kwa muda mrefu sana, nayo ni Uingereza yenyewe. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la huko liliweka mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika maelfu ya posta ndogondogo za mitaani na vijijini. Wenye kuziendesha walikuwa watu wa kawaida, wengi wakiuza mkate na magazeti kwenye duka lilelile. Mfumo ukaanza kuwaonyesha upungufu wa fedha ambazo hawakuzigusa. Walipiga simu kuuliza. Wengine walitoa akiba zao kufidia pengo ambalo halikuwepo. Kwa takriban miaka 15 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na ulaghai, wengine wakafungwa, wapo waliofilisika, na wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka anayelalamika athibitishe vinginevyo, na mwendesha posta angethibitishaje kitu asichoruhusiwa kukiona? Alan Bates, aliyepoteza posta yake Wales, alikataa kukubali na akaendelea kukataa kwa miaka ishirini. Desemba 2019 jaji alisema wazi kwamba mfumo ulikuwa na makosa. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile.

Nilipoisoma habari hiyo niliwawaza wakulima wangu 41. Horizon haikuandikwa na akili unde, iliandikwa na watu. Lakini ndani ya ofisi zile kubwa palikuwa na wakati ambapo mtu mmoja alisema "mfumo ndio uliohesabu", na hapakuwa na mama wa kumjibu kwamba hakuuliza mfumo. Au alikuwepo, na hawakumsikiliza.

Ukitoka Same ukapanda kwa Mwembe, au ukishika njia ya Bangalala, utakuta ndiva. Ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe, linalopokea maji ya mfereji kutoka juu usiku kucha, na alfajiri linafunguliwa ili maji yaende mashambani. Wapare wamekuwa wakizijenga kwa vizazi vingi, tangu kabla ya wakoloni, kwa sababu tambarare ya upande wetu ni kavu na mlima ndio wenye maji. Nimekaa kwenye kingo za ndiva mara nyingi nikiwa mtoto. Kinachonirudia ni kwamba hakuna kinachofichwa pale. Maji yamefika wapi, kila mtu anaona alama ya unyevu kwenye ukuta wa udongo. Zamu ni ya nani, wote wanajua. Tope likijaa, unatangazwa msaragambo, wanakuja na majembe na makarai, wanaingia ndani hadi magotini, na asiyekuja analipa faini au zamu yake inasogezwa. Mtoto anayebeba karai la tope leo ndiye atakayejua kesho kizibo kiko upande gani na mfereji unavuja wapi. Kujua kunaingia kwa kushika.

Kukosekana kwa hilo ndiko ninakokiogopea kizazi cha waandishi wa programu kinachokuja nyuma yangu, na nalisema kwa moyo mzito kwa sababu nawapenda vijana hawa. Zamani kidogo, yaani juzi tu, kijana alijifunza kazi kwa kuondoa tope: alipewa kosa dogo kwenye programu ya mwingine, akahangaika nalo siku mbili, na katika kuhangaika akajua maji yanapita wapi. Kazi hiyo ndogo sasa anapewa mashine. Inaifanya kwa dakika moja, inaifanya vizuri mara nyingi. Ila baada ya miaka mitano, anayejua mfereji unavuja wapi atakuwa nani?

Kuna mtu mmoja namkumbuka kila nikifika hapa. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata iitwayo PostgreSQL, alikuwa akifanya vipimo vyake mapema 2024 akaona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Ni muda wa kupepesa macho mara moja au mbili. Wengi wangelaumu mtandao. Yeye alijiuliza imetoka wapi, akafuatilia, akafika kwenye maktaba ndogo ya kubana mafaili inayoitwa xz, inayotumiwa karibu kila mahali penye Linux. Ndani yake mtu aliyejiita Jia Tan, aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya mtunzaji wake aliyekuwa amechoka, alikuwa ameficha mlango wa nyuma. Freund alitangaza alichokiona Machi 29, 2024, kabla mlango huo haujaenea kwenye seva za dunia. Hakuwa akimwinda yeyote. Aliijua kazi yake kiasi cha kujua kwamba nusu sekunde haina kwao.

Mama na Freund hawajuani, na wamefanya kitu kimoja.

Niliporudi kwenye mfumo wa kikundi sikuiacha akili unde, wala sitaiacha. Niliibadilishia nafasi. Kwanza nilifuta majina yote ya Kiingereza katika sehemu ya hesabu, nikaweka yetu: uzitoGhafi, uzitoWaGunia, uzitoHalisi, ada, malipo. Waandishi wenzangu waliniambia nitajutia, kwamba msimbo ni wa Kiingereza duniani kote. Huenda. Ila katibu wa kikundi, aliyeishia darasa la saba na ambaye hajawahi kuona msimbo, nilimwekea ukurasa mbele akafuatisha kwa kidole: uzito halisi ni uzito ghafi, kutoa uzito wa gunia. Akaguna akasema, "Kumbe ni hivi tu." Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitafsiri programu nzima ya OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na watu wakauliza itamfaa nani. Mimi najua ingemfaa nani. Alikuwa amekaa mbele yangu kijijini, kidole kwenye skrini.

Pili, majaribio nayaandika mwenyewe, tena kutoka kwenye madaftari. Nilimwomba mama ruhusa, nikapiga picha kurasa zake nne, na hesabu zake ndizo mawe yangu ya kupimia. Mashine ikibadilisha chochote, lazima ikubaliane na kalamu ya bluu.

Na kila Jumamosi jioni vijana wawili wa mjini hapa wanakuja chumbani kwangu tunasoma msimbo kwa sauti. Mmoja anasoma, anaeleza kwa Kiswahili kila mstari unafanya nini. Mwingine kazi yake ni kuuliza tu. Umeipataje hii? Kwa nini iko hapa na si pale? Ukiondoa itakuwaje? Anayesoma akikwama, mstari huo hautoki kwenda kijijini, hata kama unafanya kazi. Ni polepole. Juzi tulitumia saa nzima kwenye mistari 30, na mwisho tukagundua kumi kati yake haina kazi yoyote. Kijana aliyeigundua alifurahi kama mtu aliyeokota pesa.

Ujumbe wenyewe nao tuliuandika upya, na hapa nilifunzwa na ufinyu. Wakulima wengi wana vitochi, na kule mlimani ukishapinda kona mnara wa mtandao unajificha nyuma ya kilele. Ukurasa wa wastani wa tovuti siku hizi unazidi megabaiti mbili, na huko Ulaya na Marekani waandishi wengi wameanza kuchoka na uzito huo, wanarudi kwenye desturi ya zamani ya kutuma ukurasa uliokwishaandaliwa kwenye seva badala ya kumbebesha msomaji kazi. Sisi tulikuwa na SMS, yenye herufi 160. Mwanzoni nilidhani haitoshi kueleza hesabu. Baada ya siku mbili za kukata maneno ikatosha. Magunia 3: 62+58+55=175. Toa gunia kg 1x3=3. Kilo halisi 172. Bei 1,500. Jumla 258,000. Toa ada 2% 5,160. Unalipwa 252,840. Hakuna salamu, hakuna nembo, hakuna shukrani kwa kutumia huduma yetu. Ni njia tu, kutoka kwenye mizani mpaka kwenye mfuko wa mtu.

Nilipanda tena siku ya mzigo uliofuata. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa tope tupu, nikafika nimechelewa, foleni ni ndefu. Mama alikuwepo na magunia mawili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani kana kwamba hakujatokea neno kati yetu. Magunia yakapimwa. Kitochi kikalia. Safari hii hakufungua daftari kwanza. Alisoma ujumbe kwa sauti, kituo kwa kituo, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakasogea kusikiliza, mmoja akihesabu kwa vidole. Alipofika mwisho akatoa kalamu, akaandika hesabu yake mwenyewe chini ya mparachichi, akalinganisha. Akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akarudi juu kidogo kwenye ujumbe, kidole kikasimama.

"Na hii elfu moja mia tano," akasema, "hii bei. Nayo imepatikanaje?"

Hakuwa akiniuliza mimi tena. Alikuwa amegeuka upande wa lori, alikosimama mnunuzi kutoka mjini na kitabu chake cha risiti, na foleni nzima ikageuka pamoja naye.